Katika Kuchagua Kadi ya Mkopo kwa Safari ya Ng'ambo

Safari ya ng'ambo zama hizi huanza kabla mtu hajafunga sanduku lake, kwa kuwa ada ya viza ya Uingereza hulipwa kwa kadi katika intaneti, tiketi ya ndege aghalabu hununuliwa kwa kadi, chumba cha hoteli hushikiliwa kwa kadi, na mwenye noti taslimu, hata zikiwa nyingi, huhitaji kumwomba mwenziwe amlipie ndipo mambo yake yaende. Haja hiyo imewafanya watu wengi wa Afrika Mashariki, ambao maisha yao ya kila siku hupita salama kwa fedha taslimu na kwa simu, waende benki kuomba kadi ya mkopo kwa haraka, juma moja au mawili kabla ya kuondoka, na kuipokea ile wanayopewa bila ya kuuliza mengi. Naona kwamba haraka hiyo ndiyo mzizi wa hasara kubwa zaidi katika jambo hili. Maana kadi mbili zenye alama moja ya mtandao mmoja zaweza kutofautiana gharama kwa kiasi cha kumtia mtu taabani, na tofauti hiyo haimo katika mambo yanayonadiwa kwenye mabango, kama vile pointi, maili za ndege na vyumba vya kupumzikia uwanjani, bali imo katika sarafu ambayo deni huandikwa na katika siku ambayo riba huanza kuhesabiwa.

Pwani yetu si ngeni kwa fedha isafiriyo kwa waraka. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Unguja waliandikiana hundi na nyumba za biashara za Bombay, na mtu aliyetoa reale za Maria Theresa au rupia zake upande huu aliweza kulipwa upande wa pili wa bahari bila ya kupakia sarafu moja chomboni, kwani kilichobeba thamani kilikuwa ni jina la aliyetia sahihi. Mwaka 1891 kampuni ya American Express ya Marekani ilianza kutoa hundi za wasafiri, ambazo kwa vizazi kadhaa zilikuwa ndiyo hadhari ya msafiri mwangalifu. Kadi yenyewe ilizaliwa New York mwaka 1950, Frank McNamara na wenziwe walipoanzisha Diners Club, na sharti lake lilikuwa sahali kufahamika: mwenye kadi alikula na kulala kwa deni, kisha mwezi ulipokwisha alilipa deni lote. Miaka minane baadaye, 1958, Bank of America iliwapelekea watu wa mji wa Fresno, California, kadi za namna nyingine, ambazo zilimruhusu mtu alipe sehemu tu ya deni, na sehemu iliyobaki ikatozwa riba. Kadi hizo ndizo zilizopata jina la Visa mwaka 1976. Na benki shindani, zilizojumuika mwaka 1966, zilichukua jina la Mastercard mwaka 1979. Desturi hizi mbili, ya kulipa lote na ya kulipa kidogo kidogo, zingali zinaishi pamoja ndani ya kadi ya mkopo ya leo, na kila mwezi mwenye kadi huamua mwenyewe afuate ipi.

Tuanze na sarafu, kwa sababu ndipo panapopotea fedha nyingi kwa maelezo machache. Mtu anapolipa dirhamu katika duka la Dubai kwa kadi ya shilingi iliyotolewa Dar es Salaam, dirhamu hizo hazigeuki kuwa shilingi kwa hatua moja. Mtandao wa kadi hufanya hesabu kwa kiwango chake cha siku hiyo, ambacho hukitangaza hadharani na ambacho kwa kawaida hakiko mbali na bei ya soko la jumla; benki nyingi za kwetu, ambazo huhesabiana na mtandao kwa dola, hugeuza dola hizo kuwa shilingi kwa bei yao wenyewe ya kuuzia; na juu ya hayo huja ada ya muamala wa kigeni, ambayo benki nyingi duniani huiweka karibu na asilimia 3. Hivyo ununuzi mmoja hubeba mageuzi mawili na ada, ilhali katika taarifa ya akaunti vyote huandikwa kama tarakimu moja ya shilingi, na msomaji wa taarifa hiyo hana njia ya kujua ipi ni bei ya bidhaa na ipi ni ujira wa benki.

Na tupige hesabu, maana bila ya hesabu maneno haya huonekana ya kutisha tu. Chumba cha dirhamu 1,000 ni sawa na dola 272 na senti 29, kwa sababu dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa na dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997. Tuseme, kwa ajili ya mfano, kwamba dola katika soko la jumla ni shilingi 2,600 za Tanzania: chumba hicho thamani yake ni shilingi 707,954. Benki ikiwa inauza dola kwa asilimia 2 juu ya soko, kisha ikaongeza ada ya asilimia 3, mwenye kadi atadaiwa takriban shilingi 743,800, yaani shilingi 35,800 zaidi kwa usiku wake. Katika safari yenye matumizi ya dola 3,000, ziada ya namna hiyo hupita dola 150. Hakuna zawadi ya pointi niijuayo katika kadi za kawaida za kwetu irejeshayo kiasi hicho. Kwa hiyo swali la kwanza kwa afisa wa benki lisiwe ada ya mwaka ni kiasi gani, ambayo ni fedha ndogo na huonekana wazi. Liwe hili: dola moja iliyotumika jana kwa kadi hii ilimgharimu mteja shilingi ngapi, kila kitu kikiwa ndani? Afisa asiyeweza kulijibu, au asiyetaka, amekwisha kukupa jibu la kutosha.

Kuna mageuzi mengine ambayo msafiri huyakubali kwa kidole chake mwenyewe. Mashine ya kadi dukani au hotelini humwonyesha hesabu mbili, moja kwa sarafu ya nchi aliyopo na ya pili kwa sarafu ya kadi yake, na humtaka achague. Na binadamu aliye ugenini, aliyechoka kuzidisha na kugawanya kichwani, huvutwa na tarakimu anayoifahamu. Tarakimu hiyo ndiyo ya kuikataa. Kiwango chake hakiwekwi na mtandao wa kadi bali na benki ya muuzaji au wakala wake, nao huongeza faida yao, ambayo aghalabu ni asilimia kadhaa na ambayo muuzaji hupata fungu lake. Nchi za Ghuba zina fadhila moja katika jambo hili, kwamba sarafu zao nyingi hazipandi wala kushuka mbele ya dola: riyali ya Saudia husimama kwenye 3.75 kwa dola tangu mwaka 1986, na riali moja ya Omani hupata dola 2.60 tangu mwaka huo huo. Hivyo mwenye kadi ya dola aliyeko Makka, akiona mashine inamwandikia dola 280 kwa riyali 1,000, hujua papo hapo kwamba haki ni dola 266 na senti 67, na kwamba anaombwa sadaka ya asilimia 5 asiyoikusudia. Tena baadhi ya benki hutoza ada ya muamala wa kigeni hata pale hesabu ilipofanywa kwa sarafu ya nyumbani, kwa hoja kwamba muuzaji yu nje ya nchi, na hapo msafiri hulipa ujira wa mageuzi mara mbili. Umoja wa Ulaya uliona dhuluma iliyomo na ukaweka sheria, iliyoanza kazi Aprili 2020, ya kuwataka wanaogeuza sarafu kwenye mashine waonyeshe ziada yao kwa asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Nje ya Ulaya kinga hiyo si ya kutegemewa, na msafiri hana budi kushika kanuni moja isiyo na ubaguzi: alipe kwa sarafu ya nchi aliyopo.

Hapa huja swali ambalo watu hulijibu kwa pupa, kwamba je, si bora kuwa na kadi ya dola? Ni bora kwa mtu ambaye dola humwingia: mwenye kampuni ya watalii Arusha, mfanyakazi wa shirika la kimataifa, muuza karafuu au kahawa nje, kwa kuwa deni lake na pato lake huzungumza lugha moja na mageuzi ya kati hutoweka. Ama mwenye mshahara wa shilingi, yeye atazinunua dola hizo siku ya kulipa deni, na alichofanya ni kuyahamisha mageuzi kutoka ng'ambo hadi kwenye dirisha la benki yake. Kuna faida katika uhamisho huo, maana sasa anaiona bei kabla ya kuikubali na aweza kuchagua siku. Lakini kuna hatari vilevile, kwamba shilingi ikidhoofika kati ya siku ya kununua na siku ya kulipa, deni lake huongezeka akiwa amelala. Nionavyo mimi, mtu huyo akiwa na dola zake kidogo kidogo katika akaunti ya fedha za kigeni kabla ya safari, kadi ya dola yamfaa. Asipokuwa nazo, kadi ya shilingi yenye ada ndogo ya mageuzi ni salama zaidi kwake.

Baadhi ya benki zetu hudai amana ya fedha iwe dhamana ya kadi, sawa na kikomo cha mkopo au zaidi yake, na amana hiyo hufungwa kwa muda wote ambao kadi iko hai. Mtu aliyefungiwa shilingi milioni tano ili akopeshwe milioni tano na ajiulize anakopa nini. Huenda haja yake ikatimizwa na kadi ya kujazwa fedha kabla, au kwa malipo ya intaneti peke yake ikatimizwa na kadi isiyoshikika mkononi, kama ile ya Visa ambayo Safaricom iliwafungulia wateja wa M-Pesa wa Kenya mwaka 2022. Mpaka wa kadi hizo ni kaunta: hoteli nyingi na wakodishaji magari huzikataa wanapotaka dhamana ya mgeni.

Dhamana hiyo ndiyo sababu thabiti kuliko zote ya kusafiri na kadi ya mkopo ya kweli. Mgeni anapofika hotelini au anapokodi gari, hushikiliwa kiasi cha fedha juu ya gharama anayodaiwa, kiwe kinga ya uharibifu au ya deni la chakula, na kiasi hicho huachiwa baada ya kuondoka, mara nyingine baada ya siku kadhaa na mara nyingine majuma. Kikishikiliwa kwenye kadi ya mkopo, kilichopungua ni nafasi ya kukopa tu. Kikishikiliwa kwenye kadi ya ATM iliyofungamana na akaunti ya akiba, kilichofungwa ni fedha yenyewe ya mtu, ambayo pengine ndiyo ya kumlisha juma lile. Kwa hiyo kikomo cha kadi kipimwe kwa kujumlisha matumizi na vishikizo vyote pamoja. Nalisema hili hasa kwa ajili ya wanaokwenda India kwa matibabu, Chennai, Hyderabad au Delhi, ambako hospitali hutaka malipo ya awali kabla ya mgonjwa kulazwa na hesabu huweza kuongezeka kitandani: jamaa anayemsindikiza mgonjwa aombe benki iongeze kikomo kabla ya kuondoka, kwa maandishi, na fedha ya tiba yenyewe ipelekwe kwa uhamisho wa benki moja kwa moja hospitalini, kadi ibakie kwa chumba, chakula na yasiyotarajiwa.

Sasa riba. Muhula wa kulipa bila ya riba, ambao benki nyingi hutangaza kuwa ni hadi siku 45 au 50, ni wa kweli kwa aliyenunua siku ya kwanza ya mzunguko wa hesabu. Aliyenunua siku ya mwisho hubakiwa na siku 15 hadi 20 hivi. Tena muhula huo una sharti lisilosomwa, kwamba deni lote lilipwe kwa ukamilifu, kwani katika mikataba mingi mtu aliyelipa sehemu tu hutozwa riba tangu siku ya ununuzi wenyewe. Riba inayotajwa kwa mwezi huonekana nyepesi: asilimia 3 kwa mwezi ni asilimia 36 kwa mwaka kwa hesabu ya kawaida, na hupita 42 inapozaliana, na hata Marekani, nchi iliyoizaa kadi hii, wastani wa riba za kadi umepita asilimia 20 kwa mwaka. Kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ni kubaya zaidi, maana hapo hakuna muhula kabisa: ada hukatwa papo hapo, riba huanza siku ile ile, na mwenye mashine ya ATM ya ugenini huongeza ada yake. Msafiri achukue kadi ya ATM ya akaunti yake kwa ajili ya noti, na kadi ya mkopo kwa ajili ya ununuzi, wala asizichanganye kazi.

Kwa msomaji Mwislamu jambo hili lina uzito unaopita hesabu. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwaka 2000, iliamua kwamba kadi ya mkopo isiyo na fedha ya mwenyewe nyuma yake haijuzu kutolewa wala kutumiwa ikiwa mkataba wake umeshurutisha riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya muhula. Ikaruhusu kadi isiyo na sharti hilo, ikaruhusu benki ichukue ada maalumu ya kuitoa na kuihuisha kuwa ni ujira wa kazi, na ikaeleza kuwa fedha taslimu itolewayo kwa kadi ni mkopo, ambao ada yake ya huduma haina ubaya maadamu haifungamani na kiasi cha mkopo wala urefu wa muda. Wako wanavyuoni wengine waliolegeza kwa mwenye haja aliye na yakini ya kulipa mapema, na kila mtu atamwuliza anayemwamini katika dini yake. Ninachoona mimi ni kwamba anayekwenda Umra ana njia nyeupe: kadi ya ATM inayokula fedha yake mwenyewe humfaa kwa karibu kila malipo ya Makka na Madina, na benki za Kiislamu, na madirisha ya Kiislamu ya benki za kawaida, zinapokuwa na kadi ya ada maalumu isiyo na riba, basi hiyo ndiyo ya kuulizia kwanza. Aombe mkataba wenyewe, asitosheke na neno lililoandikwa usoni mwa kadi; kwani kilichohalalishwa na wanavyuoni ni masharti, na masharti yamo ndani. Si jambo dogo mtu kusimama mbele ya Al-Kaaba ilhali chumba alicholala kinamzalia riba.

Kuhusu kupokelewa kwa kadi, maelezo machache yatatosha. Visa na Mastercard hupokelewa karibu kila mahali anapokwenda msafiri wa kwetu, na kati ya mbili hizo sioni sababu ya kupendelea moja. Ni busara kuwa nazo zote mbili, kutoka benki mbili, zikikaa katika mikoba miwili. American Express hupokelewa vizuri Marekani na hukataliwa na maduka mengi madogo kwingineko, kwa kuwa ujira inaowatoza wauzaji kwa desturi ni mkubwa zaidi. Urusi, ambako vijana wetu wengi husoma, kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje hazifanyi kazi tangu Machi 2022, na mzazi asiyejua hilo humtuma mwanawe bila kitu. China ni mlango wa namna yake: mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Eastleigh anayefika Guangzhou au Yiwu atakuta watu wanalipa kwa simu hata kwa muuza matunda, na njia yake ni kuifungamanisha kadi ya kwao na Alipay au WeChat, ambazo tangu 2023 zimewapanulia wageni mlango huo, malipo yasiyozidi yuan 200 hayatozwi ada, na yanayozidi hutozwa asilimia 3, juu ya ada ya benki ya nyumbani. London kadi huguswa tu kwenye kilango cha treni na cha basi, mabasi tangu 2012 na treni za chini ya ardhi tangu 2014, ila kadi ile ile iliyoguswa wakati wa kuingia treni ndiyo iguswe wakati wa kutoka. Na mwenye kadi ambayo benki yake huweka ada ya chini kabisa kwa kila muamala ajue kwamba malipo madogo ya namna hii ndiyo yanayomla zaidi.

Fauka ya hayo yote, kadi njema hufa ugenini kwa ajili ya simu. Malipo ya intaneti siku hizi hutaka namba ya uthibitisho ambayo benki huituma kwa ujumbe mfupi, na msafiri aliyetoa laini yake ya nyumbani akatia ya nchi aliyofika hatauona ujumbe huo. Laini ya nyumbani ifunguliwe kwa matumizi ya nje kabla ya kuondoka, au programu ya benki iwekwe katika simu na ijaribiwe. Benki iarifiwe nchi na tarehe, kwa kuwa muamala wa ghafla kutoka nchi ngeni huweza kuifunga kadi usiku wa manane. Na namba ya simu ya kuzuilia kadi iandikwe mahali pasipo na kadi yenyewe.

Katika kinga, hali za watu hazilingani, na ni haki kulisema hilo wazi. Mwenye kadi ya mkopo ya Uingereza ana kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974, kinachoifanya benki ishirikiane dhima na muuzaji kwa kitu chenye bei iliyozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, na Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu wakati huo, liliamua mwaka 2007 kwamba kinga hiyo hufuata ununuzi uliofanywa ng'ambo pia; hivyo kampuni ya safari ya Thomas Cook ilipofilisika Septemba 2019, wengi waliolipa kwa kadi ya mkopo walikuwa na mahali pa kudai. Mwenye kadi ya Marekani, ikiibwa na kutumiwa, sheria humbebesha si zaidi ya dola 50. Sisi wa huku tegemeo letu ni mkataba wa benki na kanuni za mitandao ya kadi, ambazo humruhusu mteja kuipinga hesabu ya muuzaji asiyetimiza ahadi, mara nyingi ndani ya siku 120. Lakini haki hiyo haijileti yenyewe. Hudaiwa kwa maandishi, kwa risiti na barua zilizohifadhiwa, na ni kwa sababu yake tiketi ya ndege na hoteli ya mbali, zinazolipwa miezi kabla ya kutumika, ni bora zilipwe kwa kadi ya mkopo kuliko kwa uhamisho wa benki, ambao ukishakwenda umekwenda.

Nimeziacha tunuku mwisho kwa kuwa hapo ndipo mahali pake. Pointi na maili hazitoki hewani; hulipiwa na ujira wanaotozwa wauzaji na riba wanayotozwa wanaochelewa, na ndiyo maana Ulaya, ilipouwekea ujira wa kati ya benki na benki kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo mwaka 2015, haiwezi kuwatunuku wenye kadi kama Marekani inavyofanya. Ndugu zetu walioko Marekani hesabu yao ni nyepesi: ziko kadi huko zisizotoza ada ya muamala wa kigeni wala ada ya mwaka, na anayekuja nyumbani likizo na kadi ya asilimia 3 anatoa fedha bure. Ikiwa anaitaka kadi ya ada ya dola 95 kwa mwaka kwa sababu tu haina ada ya kigeni, na ajue kwamba atahitaji kutumia karibu dola 3,170 nje ya nchi kwa mwaka ndipo ada hiyo ijilipe. Bima ya safari inayonadiwa pamoja na kadi nayo isomwe kwa macho mawili, maana mara nyingi husimama pale tu tiketi iliponunuliwa kwa kadi hiyo hiyo, na anayeomba viza ya Schengen huhitaji cheti chenye kutaja kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Jina la kadi halimtoshi balozi.

Kwa mtu wa kawaida wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, mwenye mshahara wa shilingi na safari moja au mbili kwa mwaka, hukumu yangu ni hii: achukue kadi ya mkopo ya kawaida, isiyo ya dhahabu wala ya platinamu, kutoka benki itakayomwandikia ziada yake ya kubadilisha sarafu kwa asilimia, aielekeze benki ikate deni lote kwenye akaunti yake kila mwezi bila kungoja amri, na aongeze kadi ya ATM ya benki nyingine na noti za siku chache. Mwislamu asiyeridhika na mkataba wa riba, na mtu yeyote asiye na yakini ya kulipa lote kwa wakati, awache kadi ya mkopo na asafiri na fedha yake. Nazo Benki Kuu za nchi zetu nazisihi zizilazimishe benki kuandika katika kila taarifa ya akaunti, mstari kwa mstari, kiwango cha mtandao, kiwango cha benki na ada, kila kimoja peke yake kwa shilingi. Hesabu hizo benki zinazo tayari, na mteja anayezilipa ana haki ya kuziona.